Usaili wa mhandisi mwandamizi wa programu kwenye kampuni kubwa: wanapima nini hasa, na ujiandae vipi

Fundi Seva (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo linaniuma muda mrefu, leo nimeona nilifungulie uzi. Vijana wetu wenye miaka saba, minane kazini, watu wanaobeba mifumo ya benki na ya mitandao ya simu hapa Dar na Nairobi, wanaitwa usaili na Google, Amazon au Microsoft. Wanajifungia ndani kutwa kucha na maswali ya LeetCode, ile tovuti ya mazoezi ya kuandika programu. Mwisho wanaambulia barua pepe ya "asante kwa muda wako", au ofa ya ngazi ya chini kuliko waliyoomba. Kazi wanaijua vizuri tu. Shida ni kwamba wanajiandaa kwa usaili wa kijana aliyemaliza chuo jana, wakati wao wanapimwa kwa kipimo kingine kabisa.

Mimi nimesailiwa, na sasa nasaili wengine. Muda wa ziada nafanya mazoezi na watu wanaojiandaa. Ninayoandika hapa ni yale ninayoyaona yakijirudia.

Tuanze na ngazi, maana wengi hawazijui. Google anayeanza ni L3, mwandamizi ni L5. Meta hesabu ni hiyohiyo, ila wao wanaandika E, kwa hiyo mwandamizi ni E5. Amazon mhandisi anaanzia L4, kwa hiyo mwandamizi wao ni L6. Ukisikia mtu ni L5 ya Amazon usimlinganishe na L5 ya Google. Microsoft wana namba zao, mwandamizi yupo 63 na 64. Nalisema hili mapema kwa sababu ngazi haitokani na wasifu wako peke yake, mara nyingi usaili wenyewe ndio unaoiamua. Unaweza ukatatua kila swali la msimbo (code) bila kosa na bado ukatoka na ofa ya ngazi ya kati. Kinachokupandisha au kukushusha ni vipindi viwili ambavyo watu wetu wanavipa wiki ya mwisho: usanifu wa mfumo, na kile cha kuulizwa kuhusu kazi ulizofanya.

Utaratibu wenyewe haupishani sana. Rekruta, yule mtu wa kampuni anayetafuta waajiriwa, anakupigia, unafanya mchujo wa kipindi kimoja au viwili kwa video, halafu vinakuja vipindi vinne hadi sita vya takriban dakika 45 hadi saa nzima kila kimoja, siku moja au vikigawanywa siku mbili. Pale Google msaili haamui peke yake. Anaandika ripoti, na kamati ambayo haijawahi kukuona ndiyo inayosoma na kuamua. Amazon kuna msaili mmoja anayetoka nje ya timu inayoajiri, wanamwita Bar Raiser, na bila kuridhika kwake hupiti. Sasa jiulize: kama uliwaza jambo zuri ukakaa nalo kichwani, msaili ataandika nini kwenye ripoti? Kamati haioni mawazo yako. Inaona yale uliyoyatamka, basi.

MSIMBO. Sitakaa sana hapa kwa sababu ndipo wengi wapo vizuri. Shika miundo ya data na mbinu hizi: jedwali la heshi (hash table), vielekezi viwili, dirisha linaloteleza, utafutaji wa kugawa nusu, miti, grafu, hipu (heap), na upangaji dainamiki wa kiasi. Orodha ya Blind 75, yenye maswali 75 ya LeetCode, ni msingi mzuri, ukiielewa badala ya kuikariri. Meta wana kasi kuliko wengine, kawaida ni maswali mawili ndani ya kipindi kimoja, kwa hiyo kule huna muda wa kuhangaika na sintaksia.

Ila hata kwenye msimbo mwandamizi anaonekana. Chukua swali hili maarufu: umepewa orodha ya mikutano, kila mmoja una saa ya kuanza na saa ya kuisha, unahitaji vyumba vingapi? Mwenye haraka anaanza kuandika papo hapo. Mwandamizi anauliza kwanza: mkutano unaoisha saa nne na unaoanza saa nne, vinaweza kutumia chumba kimoja? Orodha imepangwa tayari? Inaweza kuwa tupu? Kisha anataja njia ya kijinga, kulinganisha kila mkutano na kila mwingine, na anasema gharama yake ni n kwa n. Halafu anasema: nitapanga kwa saa ya kuanza, nitaweka saa za kuisha kwenye hipu, iliyo ndogo kabisa ikae juu. Kila mkutano mpya ukija naangalia ile ya juu, kama imeshapita naitoa, kisha naingiza ya huu mpya. Ukubwa wa hipu mwishoni ndio jibu, na gharama ni n log n.

Akimaliza kuandika hasubiri kuambiwa ajaribu. Anachukua mikutano mitatu: saa tatu hadi tano, saa nne hadi sita, saa tano hadi saba. Anapita nayo mstari kwa mstari kwa sauti. Wa kwanza anaingiza tano. Wa pili unaanza saa nne, tano haijapita, anaingiza sita, hipu ina mbili. Wa tatu unaanza saa tano, tano inatoka, saba inaingia, bado mbili. Vyumba viwili. Yale maswali ya mwanzoni na huu ukaguzi wa mwishoni, ndivyo vinavyoandikwa kwenye ripoti kama dalili ya ukomavu.

USANIFU WA MFUMO. Hapa ndipo nataka tukae.

Unapewa sentensi moja tu: "Buni mfumo wa kupokea malipo." Wanaacha utupu makusudi, wanataka kuona unaujazaje. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuanza kuchora masanduku: hapa foleni ya Kafka, hapa kashe ya Redis, hapa huduma ndogondogo kumi na mbili. Ukimuuliza kwa nini Kafka, jibu hana.

Sisi wa huku tuna bahati moja. Malipo ya simu tumeyaishi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008, na wengi wenu mmeunganisha mifumo yenu nayo kwa mikono yenu. Itumieni hiyo. Mteja anabonyeza "lipa", seva yako inatuma ombi kwa mtandao wa simu, simu ya mteja inaomba namba ya siri, halafu majibu yanarudi kwenye anwani uliyowapa. Anayeijua kazi hii anajua majibu hayo yanaweza kuchelewa, yanaweza kuja mara mbili, na yanaweza yasije kabisa. Na mteja akiona mtandao mzito anabonyeza tena.

Basi ongea hayo. Kila ombi liwe na namba yake ya kipekee inayozaliwa upande wa mteja, na hifadhidata ikatae namba hiyo kujirudia. Ombi likija mara ya pili linapewa jibu la lile la kwanza, hakuna pesa inayokatwa tena. Muamala uwe na hali zinazoeleweka: umeanzishwa, unasubiri, umefaulu, umeshindwa. Uliokwisha kufaulu haurudi kusubiri hata majibu ya zamani yakichelewa kufika. Kwa yale majibu yasiyokuja, weka kazi ya pembeni inayouliza mtandao wa simu hali ya miamala iliyokaa kwenye kusubiri kupita muda fulani. Usiku unapatanisha daftari lako na taarifa yao. Kwenye daftari hufuti kitu. Penye kosa unaandika ingizo jingine la kusahihisha, na kila shilingi inayotoka mahali lazima ionekane ilipoingia.

Kisha piga hesabu mbele yao. Siku ina sekunde 86,400. Tuseme miamala milioni 10 kwa siku: hiyo ni kama 116 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi zidisha mara tano, karibu 600. Hapo mwandamizi anasema jambo ambalo mwenye kukariri hathubutu kulisema: mzigo huu hifadhidata moja nzuri yenye nakala inaubeba, sina haja ya kuigawa vipande. Ila kila muamala ukila kilobaiti moja, ni gigabaiti 10 kwa siku, zaidi ya terabaiti tatu na nusu kwa mwaka. Kwa hiyo kinachonisumbua ni ukuaji wa data, kasi siyo tatizo. Nitagawa majedwali kwa mwezi na ya zamani niyapeleke hifadhi ya bei nafuu. Sentensi hizo zina uzito kuliko masanduku yote kumi na mawili.

Mwisho wake, chagua na utetee. Mtandao kati ya vituo viwili vya data ukikatika, mfumo ukatae miamala au uendelee na hatari ya kupishana hesabu? Nadharia yenyewe inaitwa CAP, kwamba mtandao ukikatika huwezi kupata vyote viwili, hesabu zisizopishana na mfumo unaojibu kila ombi; Eric Brewer aliitoa mwaka 2000, Gilbert na Lynch wakaithibitisha 2002, lakini hawakuulizi ili uitaje jina. Wanataka uitumie. Amazon kwenye waraka wao wa 2007 kuhusu hifadhidata yao ya Dynamo walichagua kapu la manunuzi lisikatae kuandika kamwe, maana kitu kilichofutwa kikirudi kapuni mteja anakitoa mwenyewe. Pesa haiko hivyo. Kwenye malipo mimi ningemwambia mteja "inasubiri" kuliko kumwambia "imefaulu" halafu isiwe kweli.

Na shika usukani. Ukiwa mwandamizi msaili hatakuburuta. Akikaa kimya, wewe ndiye unayesema: tumemaliza njia ya kawaida, sasa naenda kwenye yanayoharibika.

KAZI ULIZOFANYA. Sehemu hii inaangusha watu wazuri kuliko zote, na inanisikitisha. Tumelelewa kutojisifu, kwa hiyo mtu aliyebeba mradi mzima mgongoni anausimulia kana kwamba alikuwa mpita njia. "Timu yetu ilihamisha mfumo kwenda kwenye wingu, tulikutana na changamoto nyingi lakini tulifanikiwa." Msaili ataandika nini hapo? Hana kitu. Nani aliamua kuhamisha kwa awamu badala ya usiku mmoja? Nani alipinga, na ulimwonyesha namba gani akakubali? Ilipogoma siku ya pili, nani alirudisha mfumo wa zamani na kwa dakika ngapi? Yule kijana mliyempa kazi ya kuandika majaribio, wewe ulimkuza vipi? Ukisema ulichofanya wewe hujamnyang'anya mtu sifa. Wataje wenzako, kisha useme sehemu yako bila kuipaka sukari.

Amazon wana misingi 16 ya uongozi, ilikuwa 14 hadi walipoongeza miwili mwaka 2021, na kila msaili anapewa yake ya kuchimba. Hata kama huendi Amazon, ipitie uione. Andika visa vinane au kumi vya kweli kutoka kazini kwako, kila kimoja kikiwa na hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na matokeo kwa namba. Viwili viwe vya kutokubaliana na mtu mwenye cheo kuliko wewe. Kimoja kiwe cha kazi iliyokuja bila maelekezo, ukaipa umbo mwenyewe. Hicho cha mwisho ndicho kinachomtenganisha mwandamizi na wa ngazi ya kati.

Karibuni na maswali.

Mwana Ubungo

Mkuu, uzi umeshiba, shukrani sana. Swali langu: mimi miaka yote nimefanya kampuni ndogo, wateja wetu hawazidi elfu kumi. Nikikaa mbele ya mtu wa Google nitaongeaje mambo ya mabilioni?

Fundi Seva

Mkuu, ongea ya elfu kumi, lakini yaongee hadi chini kabisa. Nimesaili watu waliotoka kwenye mifumo mikubwa mno, ukiuliza ombi linapita wapi mpaka kufika kwenye diski, hawajui, kuna timu nyingine ilikuwa inashughulikia. Wewe wa kampuni ndogo umefunga seva, umerekebisha hifadhidata saa nane usiku, umeandika programu ya simu na bado umempokea mteja kwenye simu. Hiyo ni hazina.

Zoezi ninalolipa kila mtu ni hili. Chora mfumo wenu ulivyo leo kwenye karatasi moja. Halafu jiulize: wateja wakiwa mara kumi, nini kinakufa kwanza? Si "seva itazidiwa", taja kitu. Je, ni ule ulizo (query) wa ripoti unaosoma jedwali zima la hifadhidata? Ni ile kazi ya usiku inayochukua saa tano? Kitengeneze kwenye karatasi, kisha uzidishe tena mara kumi. Ukifanya hivyo mara tatu umeshafika kwenye mabilioni ukiwa na sababu za kila hatua.

Baada ya hapo ndipo usome nyaraka za wakubwa: mfumo wa mafaili wa Google wa 2003, MapReduce wao wa kuchakata data wa 2004, na hifadhidata zao, Bigtable wa 2006 na Spanner wa 2012. Zipo bure mtandaoni. Ukizisoma ukiwa umeshaumwa na tatizo lako mwenyewe, zinaeleweka.

Jirani wa Ngong Road

Niongezee kutoka huku Nairobi. Watu wakisikia kampuni kubwa wanawaza kuhama tu. Microsoft wana kituo cha uhandisi hapa tangu 2019, na Google walitangaza chao cha Nairobi mwaka 2022. Angalia nafasi za hapa kwanza.

Lingine ni saa. Timu ikiwa Seattle, wao wapo nyuma yetu kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao na kumi na moja wakati wa baridi. Saa nne asubuhi kwao ni saa mbili au saa tatu usiku kwetu. Ukikubali vipindi vitano mfululizo utasanifu mfumo saa saba usiku kichwa kikiwa kimechoka. Mwombe rekruta avigawe siku mbili, hawana shida na hilo. Na uwe na laini ya mtandao mwingine kwenye simu nyingine, imeshachajiwa, imeshaunganishwa na kompyuta kabla hujaanza. Stima ikipotea unahama bila kupoteza dakika.

Fundi Seva

Kaka umenena. La kugawa siku wengi wanaogopa kuomba wakidhani wataonekana wasumbufu. Ombeni.

Binti Kigamboni

Kaka, mimi shida yangu ni Kiingereza. Kuandika naandika vizuri, nyaraka zote za kazini naandika mimi. Ila kuongea huku nawaza, ninakwama. Kwenye mchujo wa juzi nilijua jibu lakini nilikaa kimya mpaka msaili akanipa dokezo, na nilihisi limenishusha.

Fundi Seva

Dada yangu, hili ni la wengi mno na halisemwi. Sisi tunawaza kwa Kiswahili, tunaandika msimbo kwa Kiingereza, na kati ya hivyo viwili hakuna siku tuliyofundishwa kuwaza kwa sauti.

Lafudhi haina tatizo, na kuongea taratibu hakuna tatizo. Kinachodhuru ni ukimya ambao msaili haujui maana yake. Ukihitaji kuwaza, mwambie unahitaji dakika moja uangalie mfano, halafu uichukue dakika yako kwa amani. Akishajua unafanya nini, anakusubiri.

Mazoezi yake: chukua swali ambalo umeshalitatua, jibu unalijua, ili akili isipigane na vitu viwili. Washa kinasa sauti cha simu ulieleze kwa Kiingereza kuanzia swali mpaka jaribio la mwisho. Sikiliza. Utagundua unakwama sehemu zilezile: pale unapohama kutoka njia moja kwenda nyingine, pale unapokubali dokezo, pale unapotaka kusema hujaelewa. Tengeneza sentensi zako fupi za sehemu hizo tatu, uzizoee mpaka zitoke zenyewe. Kisha tafuta mtu wa kukusaili, mtu kabisa, kwa sababu kioo hakikukatizi. Nitumie ujumbe pembeni, tunalo kundi dogo la kusailiana Jumamosi, na kina dada wengine wapo.

Na kuhusu dokezo: kupewa dokezo hakukushushi. Kulipuuza ndiko kunakoshusha.

Mwana Ubungo

Na hizi akili bandia je? Kazini siku hizi nusu ya msimbo inaandikwa nazo. Kwenye usaili wanaruhusu?

Fundi Seva

Muulize rekruta, kwa maandishi, kwa kila kipindi. Zipo kampuni zilizoanza kuweka kipindi ambacho chombo cha akili bandia unapewa wao wenyewe, na wanaangalia unakiongozaje na unagundua vipi kinapokosea. Nyingine zinakataza kabisa, na ukikamatwa umeangalia skrini ya pembeni, safari imeishia hapo. Usikisie. Lakini zoezi la kusoma msimbo usioandika wewe na kuutafutia kosa, lifanye kwa vyovyote vile. Kazi ya mwandamizi inaelekea huko.

Jirani wa Ngong Road

La mwisho kwangu. Rafiki yangu alisailiwa kama mwandamizi akapewa ngazi ya kati, ofisi ni Dublin. Akubali?

Fundi Seva

Asijibu siku hiyohiyo. Kwanza aisome ofa yote. Malipo ya kampuni hizi yana mshahara, pesa ya kusaini, na hisa zinazotolewa kwa miaka minne, na mgawanyo wa hisa haufanani. Amazon kwa miaka mingi wametoa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, kisha 40 na 40, na pesa ya kusaini ndiyo inayoziba pengo la mwanzo. Ukiangalia jumla ya miaka minne bila kuangalia mwaka wa kwanza, utapanga nyumba usiyoiweza.

Pili, Dublin ina thamani yake. Ireland wahandisi wa programu wamo kwenye kibali chao cha kazi cha ujuzi adimu. Marekani mambo ni bahati nasibu: visa ya kazi ya H-1B ina nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za waliosoma shahada ya uzamili kulekule, dunia nzima inagombea. Ukifanya kazi ofisi ya nje mwaka mzima, kampuni inaweza kuomba kukuhamisha kwa L-1, visa ya kuhamisha wafanyakazi wake, ambayo haina bahati nasibu hiyo.

Tatu, amuulize rekruta ni kipindi gani kilichomshusha. Kama ni usanifu peke yake, aombe arudie kipindi hicho kimoja, na aseme waziwazi kwamba anaitaka ngazi ya mwandamizi. Kuna wanaokubali. Wakikataa, aombe kuongea na meneja wa timu anayokwenda amuulize mambo mawili: nani kwenye timu hiyo amepanda kutoka ngazi ya kati hadi uandamizi na ilichukua muda gani, na je, ipo kazi ya ukubwa huo ambayo atapewa yeye ndani ya mwaka wa kwanza. Timu ikiwa na waandamizi wengi na kazi ndogo, hata awe hodari vipi atakaa palepale. Hapo angalau aombe timu nyingine kabla ya kusaini, maana akishasaini nguvu hiyo hana tena.